Vielezi Vinavyokaribiana Maana katika Tafsiri ya Sheria: Haja ya Kuvipambanua

1.0 Utangulizi

Katika vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili kielezi ni mtoto wa kambo. Nomino hupewa ngeli zake zote, kitenzi huchambuliwa kiambishi kwa kiambishi, lakini kielezi huachiwa kurasa chache za mwisho, kikagawanywa katika vielezi vya namna, mahali, wakati na kiasi, na mjadala ukafungwa. Mgawanyo huo una manufaa yake darasani. Hata hivyo, haumsaidii mtu ambaye mbele yake yamelala maneno mawili au matatu ya kundi lilelile la namna, yote yakielekea kumaanisha kitu kimoja, naye hana budi kuchagua moja. Kwa mfasiri wa riwaya uchaguzi mbaya ni dosari ya mtindo. Kwa mfasiri wa sheria uchaguzi huo unaweza kuamua kama mtu atafungwa miaka kadhaa au atahukumiwa kifo.

Jambo hili limepata uzito mpya nchini Tanzania tangu mwaka 2021. Kabla ya hapo, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilikuwa imeweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za mwanzo. Katika mahakama zilizo juu yake mashahidi waliweza kusema Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 iligeuza utaratibu huo: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabakizwa kwa pale ambapo haki itahitaji. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza, ikiwamo Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945, zimekuwa kazi ya mfasiri. Katika kazi hiyo macho ya wataalamu wa istilahi huelekea kwenye nomino: dhamana, rufani, shauri, mdaiwa. Kielezi huhesabiwa kuwa neno la kawaida ambalo kila mtu analijua. Makala haya yanashikilia kwamba hesabu hiyo si sahihi, kwani katika vifungu vingi vya jinai uzito wote wa kosa umebebwa na kielezi.

Mifano itakayotolewa imewekwa katika Wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, iliyoundwa mwaka 2012 kwa kuigawa Wilaya ya Kondoa. Chemba inafaa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ya wakulima na wafugaji wanaopakana, ambako maswali ya nia na uzembe huzuka katika maisha ya kila siku. Pili, katika wilaya hiyo hukutana lugha za asili tofauti kabisa. Kirangi na Kigogo ni za Kibantu. Kiburunge ni cha Kikushi. Nacho Kisandawe, chenye sauti za vidoko, hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kwa hiyo maneno ya shahidi wa Chemba yanaweza kupita katika lugha tatu kabla ya kuwa hoja mbele ya jaji wa rufani.

2.0 Vielezi vya nia

Kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani mtu anayeharibu mali, nacho hakitosheki na kitendo cha kuharibu. Kinataka kitendo kiwe kimefanywa 'wilfully' na 'unlawfully'. Kifungu cha 258, kinachofasili wizi, kinataka mali iwe imechukuliwa 'fraudulently'. Kifungu cha 342, juu ya kutoa hati ya uongo, kinaunganisha 'knowingly' na 'fraudulently'. Mtunga sheria asingeyaweka maneno mawili bega kwa bega kama moja lilimtosha. Mwenye kujua kwamba hati ni ya uongo hajawa bado mwenye kukusudia kumhadaa mtu kwayo. Ikiwa mfasiri ataviita vyote viwili 'kwa makusudi', amefuta sharti moja kati ya mawili ambayo upande wa mashtaka unalazimika kuyathibitisha.

Kamusi hazimwokoi mfasiri huyu. Vitomeo vya Kiingereza 'intentionally', 'deliberately', 'purposely' na 'wilfully' huishia mara nyingi katika neno 'makusudi', na 'recklessly' na 'negligently' hukutana katika 'uzembe' au jirani zake. Hili si kosa la kamusi peke yake, kwa sababu kamusi ya lugha mbili hutafuta kisawe. Kosa ni la yule anayechukua kisawe kuwa ndiyo maana yenyewe.

Tuchukue tukio ambalo wakazi wa Chemba hawahitaji kuelezwa. Ng'ombe wameingia katika shamba la mtama na kulila. Mchungaji wa kwanza alilala chini ya mti, na ng'ombe wakatangulia bila yeye kujua. Mchungaji wa pili aliliona shamba, akajua kwamba akipita hapo ng'ombe wataingia, lakini njia ilikuwa fupi, akapita. Mchungaji wa tatu alifungua boma la miiba la mwenye shamba, akawaswaga ng'ombe ndani. Hasara ni ileile kwa mwenye mtama. Kwa sheria, hizi ni hali tatu. Kiswahili nacho kinazijua zote tatu: wa kwanza alifanya kwa uzembe, wa pili bila kujali, wa tatu kwa makusudi.

Kwamba maneno hayo hayabadilishani nafasi kunaweza kuthibitishwa kwa kipimo rahisi, kiitwe kipimo cha ukinzani. Sentensi 'Alifanya kwa uzembe, hakujua kwamba kuna hatari' inakubalika. 'Alifanya bila kujali hatari, hakujua kwamba kuna hatari' inajikana yenyewe, kwa sababu asiyejua hana cha kujali wala cha kutojali. 'Alijua yatakayotokea lakini hakuyakusudia' inakubalika. 'Aliyakusudia lakini hakuyajua' haikubaliki. Kwa sentensi hizo nne mipaka ya maneno hayo inaonekana bila kuazima istilahi hata moja. Lugha tayari imeshapambanua. Kinachokosekana ni mfasiri kuusikiliza upambanuzi huo.

Ipo sababu nyingine ya kuchunga neno 'uzembe'. Kwa Mtanzania, neno hilo halikukulia mahakamani. Lilikulia katika siasa ya kazi, na hasa katika kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambapo mzembe alikuwa ndugu wa mzururaji: mtu mzima mwenye nguvu asiyefanya kazi. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu, kinapotaja mtu anayeendesha chombo kwa namna ya 'rash' au 'negligent' kiasi cha kuhatarisha maisha, hakimsemi mvivu. Dereva aliyeamka alfajiri na kufanya kazi hadi usiku anaweza kuwa 'negligent' kwa dakika moja tu. Neno 'uzembe' linaweza kubaki katika sheria, lakini halina budi kufasiliwa kuwa ni kukosa uangalifu ambao mtu mwenye busara angeuonyesha. Bila ufafanuzi huo, mshtakiwa atajitetea kwa kuonyesha bidii yake ya kazi na kushangaa kwamba hakueleweka. Upande wa pili wa kifungu hicho, yaani 'rash', uko karibu na 'kwa pupa' au 'kwa papara', na kuuita nao uzembe ni kuukunja mkeka usiokunjika.

3.0 Vielezi vya uwezekano

Mfano mzito kuliko yote unapatikana katika kifungu cha 200. Kifungu cha 196 kinasema kwamba mauaji ya kukusudia ni kusababisha kifo kwa nia ovu iliyotangulia, na kifungu cha 197 kinaweka adhabu ya kifo. Kifungu cha 200 ndicho kinachoeleza nia hiyo ovu inathibitishwaje. Kusudio la kuua au kujeruhi vibaya ni njia moja. Njia nyingine ni mtu kujua kwamba kitendo chake 'will probably' kusababisha kifo au madhara makubwa, hata kama hakujali matokeo hayo, na hata kama alitamani yasitokee. Kielezi kimoja kimesimama hapo kama kigingi cha mpaka. Aliyejua kwamba kifo ni 'probable' yuko upande wa kitanzi. Aliyejua tu kwamba kifo ni 'possible' anaweza kuwa upande wa pili, ambako kuna kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha lakini si kifo.

Sasa mfasiri afanye nini? Mbele yake kuna labda, pengine, huenda na yamkini. Kamusi humzungusha: akitafuta labda anaelekezwa kwenye pengine, na akitafuta pengine anarudishwa kwenye labda. Lakini maneno haya si mapacha. 'Pengine' limetokana na mahali na bado linabeba maana ya nyakati: anayesema 'pengine hula, pengine hulala na njaa' haelezi shaka bali desturi. Kitendo ambacho 'pengine husababisha kifo' kinaweza kusomwa kuwa ni kitendo ambacho mara nyingine huua na mara nyingine hakiui, na hiyo si 'probably'. 'Huenda' kwa umbo ni kitenzi, na hupenda kufuatwa na kitenzi chenye -ka-: huenda akaja, huenda ikanyesha. Linafungua mlango bila kusema ni upana gani. 'Labda' lina historia ya ajabu kuliko yote. Asili yake ni kauli ya Kiarabu ya ulazima, yaani hakuna budi. Kiswahili kimelihifadhi tawi moja la shina hilo katika 'sina budi' kwa maana ileile ya ulazima, na tawi la pili kimeligeuza kuwa neno la shaka. Ni onyo tosha kwa anayedhani kwamba asili ya neno ndiyo maana yake.

Kipimo cha ukinzani kinasaidia hapa pia. 'Labda atakufa, labda hatakufa' ni sentensi isiyo na kasoro. 'Huenda akafa, huenda asife' vilevile. Kwa hiyo maneno hayo mawili yanalingana na 'possibly', kwa kuwa hata katika Kiingereza mtu anaweza kusema kwamba jambo 'possibly' litakuwa na 'possibly' halitakuwa. 'Probably' halikubali kuwekwa pande zote mbili kwa mpigo, maana linasema mizani imelalia upande mmoja. Je, Kiswahili kina neno lisilokubali pande zote mbili? Lipo, tena la kila siku: 'yaelekea'. 'Yaelekea atakufa, yaelekea hatakufa' inakataliwa na masikio. Jambo lililoelekea upande fulani limekwisha geuza uso. Haliwezi kuelekea kulia na kushoto kwa wakati mmoja. 'Yamkini' halina uthabiti huo, kwa kuwa wasemaji hulitumia kwa shaka ndogo na kwa shaka kubwa, na kwa sababu hiyo halifai kubebeshwa uhai wa mtu. Kifungu kinachosema kwamba mshtakiwa alijua kuwa kitendo chake chaelekea kusababisha kifo kinalinda mizani ya sheria. Kifungu kinachosema alijua kwamba labda kitasababisha kifo kimeupanua mlango wa kitanzi bila Bunge kukusudia.

4.0 Vielezi katika kinywa cha shahidi

Hadi hapa safari imekuwa ya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Kwa miongo mingi safari nzito zaidi ilikuwa ya kurudi: shahidi alisema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza. Majalada ya namna hiyo bado yapo, na hukumu zilizojengwa juu yake bado zinanukuliwa.

Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani iliweka msimamo kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka kila uwezekano wa makosa uwe umeondolewa, na ikataja mambo ya kuangaliwa, yakiwamo muda wa kumwona mtuhumiwa, umbali na mwanga. Shahidi wa kijijini aliyeibiwa usiku wa mbalamwezi hasemi kwa utaratibu huo. Husema: 'Nilimwona vizuri.' Kauli hiyo inaweza kumaanisha kwamba mwanga ulitosha, au kwamba alimwangalia kwa muda wa kutosha, au kwamba hana shaka ni yeye. Kiingereza kina 'well', 'clearly', 'properly' na 'plainly', na mwandishi wa kumbukumbu aliyeteua 'clearly' amekwisha kusema jambo juu ya mwanga ambalo shahidi hakulisema. Jaji wa rufani, asiyemwona shahidi, anasoma kielezi cha hakimu akidhani ni cha shahidi.

Ukanushi huongeza ugumu. 'Sikumwona kabisa' haina utata. Lakini 'Sikumwona vizuri kabisa' ina maana mbili: ama shahidi hakumwona vizuri hata kidogo, ama alimwona vizuri ila si kwa ukamilifu. Katika mazungumzo kiimbo hupambanua. Katika jalada hakuna kiimbo, na kati ya maana hizo mbili kuna umbali wa mtu kuachiwa au kutiwa hatiani. Vivyo hivyo 'nusura aniue' si sawa na 'alikaribia kuniua'. 'Nusura' hupima kuponea kwa mwathirika, wala haisemi neno juu ya nia ya mshambuliaji. Aliyeteleza na panga mkononi anaweza nusura kuua. Kuiandika kwa kielezi kimoja na 'alikaribia' ni kumsogeza mshtakiwa hatua moja kwenye jaribio la kuua.

Chemba inaongeza ngazi nyingine. Kirangi hutofautisha wakati ujao wa karibu na wakati ujao wa jumla kwa vitenzi visaidizi viwili, tena vikikaa baada ya kitenzi kikuu, mpangilio ulio adimu katika lugha za Kibantu. Mrangi anayenukuu tishio alilolisikia katika lugha yake hahitaji kielezi cha wakati, kwani kitenzi kisaidizi kimeshasema kama tishio ni la punde au la siku zijazo. Mkalimani anayetoa 'nitakuua' tu amelipoteza hilo, na ili alirudishe lazima aongeze 'sasa hivi' au 'siku moja'. Katika Kisandawe, viambishi vya mtenda hutofautiana kwa kutegemea kama jambo linatajwa kuwa limetukia kweli au la. Yale ambayo Kiingereza huyaweka katika kielezi, lugha hizi huyaweka katika umbo la kitenzi. Kiswahili chenyewe ni ndugu wa tabia hiyo: pale Kiingereza kinapotumia 'still', 'yet' na 'already', Kiswahili kina angali, hajafika na amekwisha fika. Mwanafunzi anayetafuta neno kwa neno ataishia na 'bado' kwa yote, kisha atasema Kiswahili ni maskini, ilhali utajiri upo mahali ambapo hakutazama.

5.0 Hoja zinazopinga

Wapo watakaosema kwamba maneno ya kila siku hayawezi kuwekewa mipaka na kamati, na kwamba watu wataendelea kusema labda wanavyopenda. Ni kweli, wala hakuna anayetaka kuwazuia. Lakini sheria ina desturi ya kuwa na kifungu cha tafsiri, ambapo neno hupewa maana kwa ajili ya sheria hiyo tu. Nomino nyingi zimekwisha fanyiwa hivyo. Hakuna sababu ya kielezi kunyimwa.

Wengine watasema Kiingereza kiachwe kitawale katika vifungu hivi kwa kuwa maana zake zimetulia. Historia haiwaungi mkono. Nchini Uingereza, maana ya neno 'reckless' katika Sheria ya Uharibifu ya mwaka 1971 ilibishaniwa kwa zaidi ya miaka 20. Katika shauri la Caldwell, lililoamuliwa mwaka 1981, mabwana wa sheria walisema mtu anaweza kuwa 'reckless' hata kama hakuiona hatari ambayo mwenye busara angeiona. Mwaka 2003, katika shauri la watoto wawili wa miaka 11 na 12 waliochoma magazeti nyuma ya duka na moto ukateketeza majengo, Mahakama ya Mabwana iliutupa msimamo huo na kurudi kwenye hatari ambayo mtuhumiwa mwenyewe aliijua. Ubishi huo kwa Kiswahili ungekuwa ni huu: je, 'bila kujali' inaweza kusemwa juu ya asiyejua? Kipimo kilichotolewa hapo juu kinajibu kwamba haiwezi.

Hoja ya tatu ni kwamba majaji watatafuta maana katika hukumu za zamani. Watafanya hivyo, lakini hukumu hizo ni za Kiingereza. Lengo la mabadiliko ya mwaka 2021 lilikuwa kumwezesha mwananchi kuisoma sheria inayomhukumu. Sheria ambayo maneno yake ni ya Kiswahili na maana yake imefungiwa katika Kiingereza haijafasiriwa. Imevalishwa kanzu tu.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika bila kungoja fedha nyingi. La kwanza, vielezi vya sheria vikusanywe kwa makundi, si kwa alfabeti: kundi la nia, la ujuzi, la uangalifu, la uwezekano, la uthabiti wa ushahidi. Neno lisipewe kisawe mpaka majirani zake wote wawe mezani. La pili, kila uteuzi upimwe kwa sentensi za ukinzani mbele ya wasemaji, wakiwamo wale ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, na maana iliyokubaliwa iandikwe katika kifungu cha tafsiri. La tatu, wanafunzi wa uzamili wa isimu wapelekwe kwenye mahakama za mwanzo za wilaya kama Chemba, wasikilize jinsi vizuri, kabisa, hasa na karibu vinavyotumiwa na mashahidi, na jinsi wakalimani wanavyovihamisha. Data za namna hiyo zitamfaa mwanasheria na mwanasarufi kwa pamoja.

Nadharia ya kielezi cha Kiswahili imengoja muda mrefu ukingoni mwa vitabu. Sasa imepata sababu ambayo si ya kitaaluma peke yake. Mchungaji aliyelala chini ya mti na yule aliyewaswaga ng'ombe shambani watasomewa sheria kwa Kiswahili, lugha ambayo wanaielewa. Ni haki yao kwamba itakaposomwa iwe imewatofautisha.